Tangawizi Nje ya Pazia

Tangawizi ninayoiamini ni ile inayokuja na treni kutoka Kigoma. Ni ndogo, imebanana, ina udongo mwekundu kwenye mikunjo yake, na ukiivunja inakupiga pua hata kabla hujaisogeza karibu. Ile nene na nyeupe ambayo wauzaji wa sokoni huipanga juu ya fungu ili kupamba biashara ni maji matupu. Nimeshawaambia mara nyingi, wakanijibu kwamba mimi ni fundi cherehani, nikashone. Sijaacha kuwaambia.

Namna ya kuitengeneza nilifundishwa na jirani yangu wa hapa Isevya, bibi wa Kiarabu ambaye ukoo wake uliingia Tabora na biashara zamani za misafara na haukutoka tena. Uwanja wake na wangu umetenganishwa na ukuta mfupi wa matofali, na juu ya ukuta huo tumeshapitishiana sahani, makaa ya moto, vidonge vya kichwa na maneno mengi. Hupenda kunikumbusha kwamba babu zake ndio walioleta iliki huku bara. Nami humkumbusha kwamba walioibeba ni babu zangu, kichwani, kwa miguu, toka pwani mpaka hapa, na babu zake walitembea pembeni na fimbo tu mkononi. Hujibu kwamba ndiyo maana sisi Wanyamwezi tuna miguu mizuri.

Unaiosha tangawizi, unaiparua ganda kwa ncha ya kijiko, si kwa kisu, maana kisu kinakula na nyama. Unaitwanga kwenye kinu kidogo mpaka ilainike. Blenda tunayo, mke wangu aliinunua, lakini blenda inakata na kinu kinaponda, na tangawizi inataka kupondwa. Kisha unatia maji ya moto, kijiti cha mdalasini, iliki chache zilizopasuliwa, unafunika kwa sahani na kwenda zako. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanachungulia, wanakoroga, wanachuja mapema. Mimi huiacha mpaka bakuli lipoe kabisa, ndipo naichuja kwa kipande cha marekani safi, kitambaa ambacho kwangu hakikosekani. Asali inaingia mwisho, baada ya maji kupoa, asali yetu ya Tabora, ile nyeusi kidogo inayonukia moshi. Halafu ndimu.

Binti yangu anayeishi Dar es Salaam huongeza soda na barafu, anapachika kipande cha ndimu ukingoni mwa glasi na kuiita kokteli. Anaipiga picha kwanza, halafu ndiyo anakunywa. Mimi huiita tangawizi, na nikiitengeneza natarajia mtu ainywe mpaka tone la mwisho.

Mwaka juzi, katika joto lile la mwezi wa kumi kabla mvua hazijaanza, niliitengeneza kila siku kwa ajili ya mtu mmoja, naye hakuinywa.

Mtu huyo ni mama mkwe wangu. Kwa Wanyamwezi wa rika lake, mkwe wa kiume na mama mkwe hawasogeleani. Hawali pamoja, hawashikani mikono, hawaketi chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja huiacha njia. Si ugomvi. Mwanamke aliyekuzalia mke ni mtu wa kuheshimiwa mpaka macho yenyewe yanaogopa kumtazama. Vijana wa siku hizi wameiacha desturi hiyo, wanapiga selfi na mama wakwe zao, na siwalaumu. Lakini huyu wangu ni mkulima wa Puge, mtu wa zamani, na hakuiacha. Na kwa kuwa yeye hakuiacha, mimi sikuwa na ruhusa ya kuiacha. Tangu nimwoe binti yake, na watoto wetu sasa ni watu wazima, maneno tuliyowahi kuambiana yalikuwa shikamoo na marahaba, tena pakiwa na pazia au ukuta katikati. Uso wake nilikuwa naujua zaidi kwa picha.

Mke wangu alimleta kwetu kwa sababu ya homa za mara kwa mara na mkojo kumchoma. Leo naweza kuandika hivyo kwa kuwa mke wangu amesema niandike. Wakati ule nisingeweza hata kulitamka neno lenyewe. Hospitali walimpa dawa na wakamsisitizia jambo moja: anywe sana, kutwa nzima, la sivyo itabidi alazwe na kutundikiwa maji. Kwa mtu wa umri wake kulazwa si jambo dogo, na yeye mwenyewe alishasema kwamba akiingia wodini hatatoka kwa miguu yake.

Majuma ya mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Halafu binti yetu wa Dar es Salaam, aliyekuwa mjamzito, akapelekwa hospitali kabla ya siku zake na kufanyiwa upasuaji. Mke wangu alifunga mzigo siku ileile. Akiwa mlangoni na begi begani, hakunipa maagizo mengi.

"Mama anywe," aliniambia. "Chochote kile, ilimradi anywe."

Nikamwahidi.

Nyumba yetu ni ya kizamani. Ina mlango wa mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na mwisho wa ukumbi mlango wa kutokea uani, palipo na jiko na choo. Cherehani yangu ilikuwa hapo mwisho, kando ya mlango wa uani, kwa sababu pana mwanga na upepo unapita toka mbele hadi nyuma. Nimeshonea hapo miaka yote. Chumba alicholala mama mkwe kilikuwa upande wa kushoto wa ukumbi, na kwa ajili ya joto mlango uliachwa wazi, likabaki pazia la kitenge.

Jirani yangu alikubali kutusaidia. Alikuja alfajiri na jioni, akampelekea maji ya kuoga, akamtoa uani, akamwandalia chakula. Alfajiri mimi huwa bado nimelala, na jioni huenda kucheza drafti na wenzangu. Mchana kutwa tulibaki wawili, yeye nyuma ya pazia, mimi nyuma ya cherehani. Nilijitahidi kuwa mkwe mwema. Sikuzurura ndani ya nyumba. Nilikaa palepale nikishona, ili mama ajue wakati wote nilipo na asije akagongana nami ghafla ukumbini.

Siku ya kwanza jirani alinieleza kwamba maji ya bomba mama hayataki, anasema yananuka dawa. Nikafurahi, kusema kweli, maana hapo ndipo nilipokuwa na ujuzi wangu. Nilitwanga tangawizi, nikaiacha ipoe, nikaichuja, nikalifunga jagi kwa kitambaa kibichi ili lipate ubaridi. Niliweka kigoda nje ya pazia, juu yake glasi iliyojaa, juu ya glasi kisahani cha kuzuia nzi. Nikakohoa. Nikasema shikamoo mama, nikasikia marahaba, nikarudi upesi kwenye kazi yangu asije akadhani namsubiri.

Baadaye mkono ulitoka kando ya pazia, ukachukua glasi, na punde ukairudisha. Nilipokwenda kuitazama, ilikuwa imepungua funda moja.

Funda moja ni adabu. Kwetu mtu hakatai kinywaji cha mwenye nyumba. Anaonja, anaweka chini, na mwenye nyumba anaelewa. Nami nikaelewa kwamba mama anashukuru, ila tangawizi imemkaba koo.

Kesho yake nikapunguza tangawizi. Funda moja. Nikaongeza asali. Funda moja. Jirani akaionja juu ya ukuta, akakunja uso na kuniuliza kama namkirimu mtu mzima au namlambisha mtoto. Akanipa nanaa kutoka kwenye kopo lake. Nikatia nanaa, nikapunguza asali, nikatoa mdalasini kwa kuwa wazee wengine hawaupendi. Nikaomba barafu kwenye friji yake. Siku moja, Mungu anisamehe, nilimwaga soda kama afanyavyo binti yangu, nikapachika na kipande cha ndimu ukingoni. Kile kipande kilirudi mahali pake, hakikuguswa, na chini yake glasi ikiwa imepungua funda moja.

Nilianza kuudhika, na sitaficha. Mtu unatwanga, unachuja, unabembeleza, na glasi inarudi vilevile. Nilijikuta nikiongea na kinu. Nilikiambia kwamba watu wa Puge ni wagumu, kwamba hata mahari yao yalikuwa magumu, na kwamba mwanamke anayeweza kukaa siku nzima ya mwezi wa kumi kwa funda moja lazima ni ndugu wa ngamia. Halafu nikakumbuka kwamba pazia si ukuta, nikanyamaza.

Chini ya hasira ile palikuwa na hofu. Jirani aliniita ukutani jioni moja, akashusha sauti. Alisema midomo ya mama imepasuka na ngozi yake ina joto. Chai ya jioni anakunywa nusu kikombe, na hiyo nusu ni mpaka abembelezwe.

"Fundi, huyu mtu anakauka," alisema.

Mke wangu alipopiga simu, aliuliza kama mama anakunywa. Nikajibu kwamba anaonja. Nyuma yake nikasikia kichanga kikilia. Aliniambia kwamba kuonja si kunywa, na kwamba mambo yakiendelea hivyo atapanda basi arudi, amwache binti yetu na mshono wake na mtoto wake. Hakusema kwa ukali. Alisema kwa uchovu, na hiyo ilinikaa moyoni zaidi. Nilikuwa nimepewa jambo moja tu la kufanya katika nyumba yangu, nalo lilikuwa linanishinda.

Katikati ya hayo ilifika siku ya kupeleka sare za shule Goweko. Walikuwa wamezisubiri na nisingeweza kuahirisha. Nililala vibaya, nikaamka gizagiza na kutengeneza tangawizi kwa haraka. Nilitia ukwaju kidogo uliokuwa umelowekwa, asali, na kwa ile haraka nikasahau ndimu. Nikaacha jagi zima juu ya kigoda, nikalifunga kitambaa kibichi, nikamwomba jirani apite mara mojamoja, nikaondoka.

Kule Goweko nilipokelewa vizuri, nikalishwa wali na kuku, watoto wakajaribisha sare na mikono ikawa mirefu kwao kama kawaida, maana wazazi huagiza nguo ya kukulia. Mimi mawazo yangu yalikuwa Isevya. Mwalimu aliniuliza kama naumwa. Nilimwambia nina mgonjwa nyumbani, naye akanipa pole na akaacha kunibembeleza nibaki.

Niliporudi jua likizama, jirani alikuwa ukutani ananisubiri, uso umefunguka.

"Amemaliza jagi," alisema. "Lote. Na uani amefagia mwenyewe, nimemkuta na ufagio."

Nililishika jagi lile tupu nikaligeuza juu chini, halikutoa hata tone. Kumbe ilikuwa ndimu. Siku zote hizo ndimu ndiyo iliyokuwa ikimkera mama, labda kwa ile midomo iliyopasuka, na mimi na ujuzi wangu wote sikuliona hilo. Nilimpigia mke wangu simu papo hapo na kumtangazia kwamba nimempata adui, ni ndimu. Alicheka, mara ya kwanza tangu aondoke. Usiku ule nililala fofofo.

Asubuhi nikatengeneza ileile, ukwaju, tangawizi, asali, bila ndimu. Niliipeleka nikiwa na uhakika wa mshindi. Ikarudi imepungua funda moja.

Nilirudi kwenye cherehani na kukanyaga pedali kwa hasira mpaka nikavuruga mshono wa kola, nikaufumua, nikaanza upya. Mchana uzi wa bobini, kile kigurudumu kidogo cha chini ya cherehani, ukaisha. Nilisimamisha kazi, nikainama kuitoa, na kichwa changu kikiwa chini ya meza ya cherehani nikaona, kwa chini ya pazia la kitenge, nyayo mbili.

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma ya pazia. Vidole vya miguu vilifika ukingo wa mlango kabisa. Nikadhani anataka glasi, nikabaki nimeinama ili asione haya. Glasi haikuguswa. Nyayo zilibaki pale, zikabadilisha uzito, mguu mmoja ukapanda juu ya mwingine kama wa mtoto aliyebanwa na haja darasani. Nikapachika bobini, nikainuka, nikakanyaga pedali. Cherehani ililia. Nilipochungulia tena, nyayo zilikuwa zimeondoka, na kitanda kikalia chini ya uzito wake.

Nikasimamisha kazi, makusudi safari hii, nikakaa kimya. Baada ya muda zile nyayo zikarudi.

Alikuwa anaisikiliza cherehani. Kila iliponyamaza, alikuja mlangoni akitumaini kwamba nimeondoka. Kila ilipolia, alijua bado nipo, akarudi kulala. Kisa kilikuwa choo. Choo kilikuwa uani, mlango wa uani ulikuwa ubavuni mwangu, na ili afike huko ilimlazimu apite mbele yangu mchana kweupe, kanga yake iguse meza yangu, nami nijue anakokwenda na kwa nini. Akifikiria hayo, aliona afadhali asinywe kabisa. Tangawizi yangu haikuwa na kosa, wala ndimu haikuwa na kosa. Goweko ndiyo iliyomnywesha, kwa kuwa nilikuwa Goweko.

Na mimi nilijiona mkwe mwema kwa kukaa palepale bila kuzurura. Heshima yake ilimzuia kupita, na heshima yangu ikamzibia njia, mpaka midomo ikapasuka. Niliona aibu, kisha nikamwonea huruma sana, mtu mzima yule, mama wa watoto na wajukuu, amesimama na nyayo zake nyuma ya kitenge akinisubiri niinuke.

Nikainuka. Nikakohoa kikohozi ambacho hata jirani alikisikia. Nikasema kwa sauti, nikiuambia ukuta, kwamba uzi umeisha na nakwenda mjini kutafuta mwingine, na kwamba nitachelewa. Nikatoka kwa mlango wa mbele nikaubamiza. Nilikwenda mpaka njia panda, nikazungumza na fundi baiskeli juu ya mambo ambayo siyakumbuki, nikanunua uzi ambao sikuuhitaji. Niliporudi nilikohoa tena kutoka barazani. Glasi ilikuwa tupu, na jagi nalo lilikuwa tupu.

Nilimpigia mke wangu nikamweleza. Hata sikumaliza.

"Kwani wewe ulidhani chumvi ile yote ilikuwa ya nini?" aliniuliza.

Hapo nikakumbuka. Majuma yale alipokuwepo, mke wangu alikuwa akinituma dukani mara kadhaa kwa siku. Kaniletee chumvi. Kaniletee kiberiti. Nenda kaangalie kama mkaa umefika. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba umri unamchukua kumbukumbu, na tulikuwa na chumvi ya kukaushia samaki wa ziwa zima. Kila nilipokuwa dukani nikinung'unika, mama yake alikuwa akipita ukumbini kwa raha zake. Mke wangu hakuniambia sababu, kwa kuwa mambo kama hayo hayasemwi. Alidhani najua.

Kesho yake asubuhi niliihamisha cherehani. Niliikokota ukumbi mzima mpaka barazani mbele, nikaiweka ikitazama barabara, mimi nikiupa mlango mgongo. Baraza yetu haina paa la kutosha. Asubuhi ni nzuri, lakini kuanzia adhuhuri jua linakuja lote, na vumbi la pikipiki linakaa juu ya kila kitambaa cheupe. Wapita njia walinitania kutwa nzima. Mmoja aliuliza kama mke wangu amenifukuza kwa simu. Nilimwambia kwamba nimekuja kutafuta wateja wenye fedha, yeye apite tu.

Jirani naye alikuja kuuliza, nikamweleza juu juu, kwa aibu. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Kwao mkwe anakula sinia moja na mama mkwe, anamwamkia kwa kumbusu mkono, na mkwe wake mwenyewe hufungua friji yake bila hodi.

"Sijui kati yetu ni nani mwenye bahati," alisema, akaenda kuchukua barafu.

Sasa kazi yangu ikawa na sauti nyingine. Nilikuwa nikishona nasikia nyuma yangu pazia likivutwa, ndala zikiburuzika ukumbini, mlango wa uani, kimya, maji yakimwagika, kisha ndala zikirudi. Mara nyingine zilisimama penye kigoda, na nikasikia jagi likigusa glasi. Sijawahi kusikia muziki ulionifurahisha kuliko ule wa jagi. Sikugeuka hata siku moja. Nilipotaka kuingia ndani nilikohoa tangu barazani, nikasubiri, nikakohoa tena.

Siku moja nilirudi kutoka sokoni na tangawizi mpya, nikakuta ile ya zamani imeshatwangwa na kutiwa maji ya moto, imefunikwa kwa sahani jikoni. Nilisubiri ipoe, nikaichuja, nikaionja. Ilikuwa kali mpaka machozi yakanitoka. Mimi siku zote zile nilikuwa napunguza ukali kwa ajili yake. Kuanzia hapo nikaitengeneza kwa kipimo chake, na ndimu nikairudisha.

Homa ikaisha. Midomo ikapona. Mke wangu alikaa Dar es Salaam mpaka binti yetu akaweza kuinama na kumwogesha mwanawe, akarudi akiwa amekonda na amefurahi. Alimpeleka mama yake hospitali, wakaambiwa hakuna tena sababu ya kurudi. Mama akaanza kuulizia mashamba yake ya Puge, kwamba mvua zinakaribia na yeye amekaa mjini ananenepa.

Siku chache kabla hajaondoka, mke wangu akiwa sokoni, nilikuwa barazani napinda suruali. Jua lilikuwa la saa nane. Nikasikia ndala zikija, nikadhani zinaelekea penye kigoda. Zikapita kigoda. Zikaja mpaka mlango wa mbele, nyuma yangu kabisa, zikasimama. Nikaondoa mguu kwenye pedali.

"Usigeuke," alisema.

"Sigeuki, mama."

Sauti yake ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Ile ya marahaba ilikuwa imenizoesha sauti ndogo.

"Shingo yako imeungua na jua," alisema. "Imechubuka. Kila nikitoka naiona."

Miaka yote ile niliamini kwamba mwanamke huyu hajawahi kunitazama. Kumbe nilipompa mgongo ndipo alipopata nafasi ya kunitazama kwa starehe, mkwe wake, kisogo, mabega, shati lililolowa jasho, akajua nimekuja kukaa hapo kwa ajili ya nani.

"Rudi ndani, mwanangu," alisema. "Mimi nitapita tu."

Ndala zikarudi chumbani. Nilikaa kidogo mpaka macho yakauke, maana barabara ilikuwa na watu. Kisha nikaikokota cherehani ukumbi mzima na kuirudisha kando ya mlango wa uani. Nikatunga uzi. Nikaanza kushona.

Pazia likavutwa. Alitoka, mfupi kuliko kwenye picha, kanga ya kichwani imefungwa vizuri, akaja ukumbini taratibu bila kuharakisha. Nilivuta miguu yangu, nikainamisha kichwa, nikashika suruali ya mteja kwa mikono miwili. Kanga yake iligusa ukingo wa meza.

"Pole na kazi," alisema, akapita.